Kipele Kisichouma: Kuitambua Saratani katika Ngozi Yetu

Mtu akiota kinundu mguuni au doa jipya mgongoni, swali la kwanza analoulizwa nyumbani ni moja: "Kinauma?" Akijibu kwamba hakiumi, mazungumzo huishia hapo. Ataambiwa ni damu chafu, ni mzio, ni joto, kitapita chenyewe. Maumivu ndiyo kipimo chetu cha ugonjwa: kinachouma kinapelekwa hospitali, kisichouma kinaachwa. Kwa maradhi mengi kipimo hicho kinatufaa. Kwa saratani ya ngozi kinatuponza, kwa sababu saratani hii inapoanza, wakati ambao kuiondoa ni kazi fupi ya kisu na sindano ya ganzi, mara nyingi haiumi kabisa. Jipu linauma. Funza anawasha. Mkanda wa jeshi unamkosesha mtu usingizi. Upele humfanya mgonjwa ajikune usiku kucha. Yote hayo si saratani.

Kosa la pili linatokana na picha tulizozoea kuonyeshwa. Mwaka 1985 madaktari wa Chuo Kikuu cha New York walitunga kanuni ya herufi A, B, C na D ya kuitambua melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari kuliko nyingine za kawaida: doa ambalo nusu yake moja hailingani na ya pili, kingo zilizokatikakatika, rangi zaidi ya moja, na upana unaozidi milimita 6. Mwaka 2004 ikaongezwa E, yaani mabadiliko. Kanuni hiyo imeokoa wengi, lakini ilitungwa kwa kuangalia zaidi ngozi nyeupe, na picha zinazoisindikiza ni za ngozi nyeupe. Msomaji mweusi anaziangalia na kuhitimisha kwamba ugonjwa haumhusu. Mhudumu wa afya aliyefundishwa kwa picha hizo hizo anaweza kuhitimisha vivyo hivyo.

Hitimisho hilo ni kweli nusu tu. Melanini, ile rangi inayoipa ngozi weusi wake, huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, na ndiyo maana saratani ya ngozi ni adimu kwa mtu mweusi kuliko kwa mzungu. Lakini adimu haina maana ya haipo. Kwetu inakuja kwa njia nyingine na kukaa mahali pengine: kwenye ngozi isiyo na melanini, yaani ya watu wenye ualbino, kwenye wayo na chini ya kucha, kwenye kovu la moto na donda ndugu, na kwa wale ambao kinga ya mwili wao imeshuka. Kwa hiyo maswali yanayotufaa ni manne, na maneno yake makuu yanaanza na herufi moja, M, ili yakumbukwe kwa urahisi: mwenyewe ni nani, ni mahali gani, ni muda gani, na kuna mabadiliko gani? Anayeyajibu kwa uaminifu atajua kama ana jambo la kumpeleka hospitali, hata kama hakuwahi kusikia jina la ugonjwa.

Ngozi isiyo na ngao

Tuanze na walio katika hatari kubwa kuliko wote. Ulaya na Amerika Kaskazini, mtu mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000 huzaliwa na ualbino. Kwa Tanzania, makadirio yanayotumika sana ni mmoja kati ya 1,400. Hawa wanaishi karibu na mstari wa Ikweta, wengi wao vijijini, wakilima na kuchunga juani. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba madhara ya jua kwenye ngozi zao huonekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Saratani inayowashika zaidi ni ile ya seli bapa, zinazounda tabaka la juu la ngozi, na huwakuta wangali vijana.

Saratani hiyo haitokei ghafla. Inatanguliwa na hatua ambayo mkono huitambua kabla ya jicho. Mama anayempaka mtoto wake mafuta, akipitisha vidole juu ya ukingo wa sikio, nyuma ya shingo, mgongo wa kiganja au mdomo wa chini, atahisi mahali panapokwaruza kama msasa, ingawa kwa macho ni wekundu mdogo au ganda jembamba. Hiyo bado si saratani, lakini ndiyo njia inayoelekea huko. Hapo daktari anaweza kupagandisha kwa naitrojeni ya maji au kuandika krimu maalumu, na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Hatua inayofuata ina dalili zake. Ganda linakuwa nene, likibanduliwa panatoka damu, na baada ya siku chache linarudi. Kitako chake kinakuwa kigumu na kuinuka. Mara nyingine huota kitu kigumu kilichochongoka, mfano wa kijipembe. Au panafunguka kidonda chenye kingo zilizoinuka, kisichofunga. Likifika hapo, mtu asipoteze hata wiki moja.

Kwa upande mwingine, wazazi wengi huogopa madoa ya kahawia yanayotapakaa usoni, mabegani na mikononi mwa watoto wenye ualbino. Yale mengi, bapa na yanayofanana, kwa kawaida si saratani. Yanatueleza tu kwamba ngozi imepigwa jua sana na inahitaji kufunikwa. Linalopaswa kuchunguzwa ni lile linaloinuka, linalotoa damu au linalobadilika kuliko wenzake. Na tusisubiri weusi: melanoma ikimpata mtu mwenye ualbino, ambalo ni jambo la nadra, inaweza kuwa ya waridi au nyekundu tu.

Kinga inajulikana na haina siri. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, kwa sababu kapelo huacha masikio na shingo wazi, na hapo hasa ndipo saratani inapopapenda. Shati la mikono mirefu. Kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mafuta ya kukinga jua kila siku, hata siku ya mawingu. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, ndiko ulikozaliwa mradi wa kutengeneza mafuta ya KiliSun hapa hapa nchini kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kenya nayo, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hugawa mafuta ya kukinga jua kwa fedha za umma. Hatua hizi zinastahili sifa, na zinastahili kufika hadi zahanati ya mwisho kabisa kijijini, kwa sababu mafuta hayo kwa mtu mwenye ualbino ni dawa, wala si kipodozi.

Wayo usiotazamwa

Kwa mtu mweusi asiye na ualbino, melanoma ikija, mahali inapopendelea ni wayo, kisigino, kiganja au chini ya ukucha. Jua halina hatia kubwa hapa. Wayo hauoni jua. Mfano unaojulikana duniani kote ni wa Bob Marley. Mwaka 1977 aligunduliwa kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, baada ya kidonda ambacho kilidhaniwa kuwa jeraha la kawaida la mpira. Alifariki Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Mguu wa mtu wa kwetu una mambo mengi, na ndiyo maana kosa ni rahisi. Kuna sugu, kuna chunjua, kuna funza, kuna damu iliyovilia. Kila kimoja kina namna yake ya kujitambulisha, na mhudumu mwenye wembe safi na taa nzuri anaweza kuvitenganisha kwa dakika chache. Sugu hukaa panaposuguliwa na kiatu, na michirizi ya ngozi hupita juu yake bila kukatika. Ukiibonyeza kwa juu, inauma. Chunjua ya wayoni huisukuma michirizi hiyo pembeni, na huuma zaidi ukiifinya kutoka ubavuni. Ngozi ngumu ya juu ikichongwa kidogo, ndani yake huonekana nukta ndogo ndogo nyeusi, ambazo ni vijishipa vya damu vilivyoganda. Funza huwa na uvimbe mweupe wenye nukta moja nyeusi katikati, huwasha na kuuma, na hata asipotolewa hufa na kukauka katika wiki chache.

Melanoma haifuati utaratibu huo. Ni doa la kahawia au jeusi lenye kingo zisizo wazi, pengine na rangi mbili au tatu, linalotanuka mwezi hata mwezi. Baadaye hunyanyuka, huchubuka na kuwa kidonda chenye majimaji ambacho watu hudhani ni cha kisukari au cha kuchomwa na mwiba. Nyingine hazina weusi wowote. Huonekana kama nyama nyekundu inayotoa damu kirahisi. Mgonjwa huja kushtuka mtoki unapomvimba kinenani, na kwa melanoma ya mguu mtoki huo unaweza kuwa na maana kwamba ugonjwa umeshaanza safari.

Kwenye kucha, kuna habari njema ambayo haijulikani vya kutosha. Mistari ya kahawia inayotoka kwenye kitako cha ukucha hadi nchani ni jambo la kawaida kabisa kwa watu weusi, hasa kadiri umri unavyosonga. Ikiwa kwenye vidole kadhaa, myembamba na yenye rangi moja, haina neno. Kinachotia shaka ni mstari mmoja, kwenye kidole kimoja, hasa gumba la mkono au la mguu, uliotokea ukubwani, unaopanuka au kuzidi kuwa mweusi. Shaka inakuwa kubwa zaidi weusi ukimwagika nje ya ukucha hadi kwenye ngozi inayouzunguka, dalili iliyopewa jina la daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson. Damu iliyovilia baada ya kugongwa, kwa upande wake, husogea mbele pamoja na ukucha unavyoota na nyuma yake huacha ukucha safi. Chora alama ndogo kwenye ukucha mahali doa linapoanzia, kisha utazame baada ya mwezi. Damu itakuwa imesogea pamoja na alama. Ukikuta weusi umebaki umeshikamana na kitako cha ukucha, huo si wa jeraha.

Pwani yetu ina jambo lake. Hina na piko hupamba nyayo, viganja na kucha, na urembo huo ni wetu na unapendeza. Lakini unafunika hasa zile sehemu ambako melanoma hujificha. Mwenye kupaka hina ajitazame kwanza nyayo na kucha kabla ya kupakwa, na mpambaji akiona doa jeusi asilolielewa, amwambie mwenyewe badala ya kulifunika.

Kovu lililoamka

Kundi la tatu halizungumzwi kabisa. Mtoto aliyeungua kwa moto wa jikoni au uji wa moto hupona akabaki na kovu kubwa. Miaka ishirini au thelathini baadaye, kovu lile lililokuwa limetulia linapasuka, linakuwa kidonda, na halifungi tena. Hali hiyo huitwa kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Ufaransa wa karne ya 19, na mara nyingi ni saratani ya seli bapa. Hutokea vilevile kwenye donda ndugu la mguuni lililodumu miaka mingi, au kwenye tundu la usaha linalotoka kwenye mfupa ulioambukizwa.

Hapa ndipo msomaji anapohitaji kutofautisha na keloidi, yaani kovu lililovimba kupita jeraha lenyewe, kama tunavyoona kwenye masikio yaliyotobolewa au kifuani. Keloidi ni ngumu, laini kwa juu, inawasha, wakati mwingine inauma, lakini ngozi yake haifunguki na haigeuki saratani kwa kawaida. Kovu lililoamka lina mambo matatu: limefunguka, kingo zake ni ngumu na zimeinuka, na ndani yake kunaota nyama inayotoa damu au harufu mbaya iliyozidi ile ya zamani. Wanaofunga bandeji kwenye vidonda vya miaka mingi wasifanye kazi hiyo kwa mazoea. Donda lililobadilika tabia linahitaji kuchukuliwa kinyama kwenye kingo zake, sehemu zaidi ya moja, kipelekwe maabara.

Mabaka ya zambarau

Kundi la nne ni sakoma ya Kaposi. Moritz Kaposi aliielezea huko Vienna mwaka 1872, na kirusi kinachoisababisha kiligunduliwa mwaka 1994. Afrika Mashariki na ya Kati iliijua kabla ya Ukimwi, ila Virusi vya Ukimwi (VVU) viliifanya iwe ya kawaida zaidi. Huonekana kama mabaka au vinundu vya zambarau, ambavyo kwenye ngozi nyeusi huwa vya hudhurungi iliyokolea au vyeusi. Huanza mara nyingi kwenye miguu, haviwashi, haviumi mwanzoni, na mguu unaweza kuvimba. Fungua mdomo utazame kaakaa kwa tochi: baka jekundu-zambarau hapo ni dalili nzito.

Doa la damu iliyovilia hubadilika rangi na kutoweka kwa takriban wiki mbili. Vipele vinavyowapata wenye VVU kutokana na kuumwa na wadudu huwasha sana. Baka lisilowasha, lisilofifia na linalozidi idadi ndilo la kupimwa. Na habari njema ni kwamba mgonjwa anayeanza dawa za kupunguza makali ya VVU mapema, na kupewa tiba ya saratani ikihitajika, ana nafasi nzuri ya kupata nafuu.

Yasiyo na neno

Mengi tunayoyaogopa hayana hatari. Vipele vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni na kuzunguka macho kwa watu wazima, na ambavyo aghalabu huwa vya ukoo, si saratani na havigeuki kuwa saratani. Wazee huota vinundu vya kahawia vinavyoonekana kama vimebandikwa juu ya ngozi. Navyo ni vya umri. Vinyama vinavyoning'inia shingoni na kwapani vinakera tu. Mba na choa ni fangasi. Pumu ya ngozi huwasha na huja na kuondoka. Mbalanga huondoa rangi lakini hauui ngozi. Alama ya kuzaliwa iliyokaa vilevile tangu utotoni haina haja ya kumkosesha mtu raha, ila ikianza kukua au kutoa damu ukubwani.

Doa moja tu katika orodha hii lisichukuliwe kwa wepesi ingawa si saratani: doa lililopauka ambalo halina hisia. Likiguswa kwa pamba mgonjwa asihisi, huo unaweza kuwa ukoma. Unatibika, na dawa zake hutolewa bure.

Yanayotuchelewesha

Vitu viwili vinatuibia muda. Cha kwanza ni krimu za mchanganyiko zinazouzwa madukani bila cheti, zenye steroidi ndani yake. Zinatuliza wekundu na muwasho kwa siku chache, zinabadilisha sura ya ugonjwa, na daktari anapokuja kuangalia anakuta uso uliofutwa nusu. Anayepaka krimu ya kuchubua naye anajivua kwa hiari ile ngao ya melanini.

Cha pili ni woga wa kisu. Wengi wanaamini kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa. Imani hiyo imetokana na kuwaona ndugu waliokatwa na kisha wakafa. Lakini tuangalie walifika lini: walifika baada ya dawa za kienyeji, baada ya kuchomwa kwa chuma cha moto, baada ya mwaka mzima wa kusubiri. Ugonjwa ulikuwa umesambaa kabla ya kisu. Kipande kidogo cha ngozi kinachochukuliwa kwa ganzi ndicho pekee kinachoweza kusema kwa uhakika kama ni saratani au la. Daktari bingwa mwenyewe, kwa macho yake yote na uzoefu wake wote, hukisubiri kipande hicho kabla ya kutamka.

Ukweli ni kwamba madaktari bingwa wa ngozi ni wachache, na wengi wao wako mijini. Kwa hiyo mzigo wa kwanza uko kwa muuguzi na tabibu wa zahanati, na kwao nina ombi moja: mgonjwa anayekuja na shida ya ngozi avue viatu na soksi, na mtazame nyayo zake na kucha zake zote. Kazi hiyo ni ya dakika mbili na haihitaji mashine.

Kwako msomaji, fanya hivi mara moja kila mwezi. Kaa penye mwanga, tazama mwili wako tangu kichwani hadi katikati ya vidole vya miguu, na mwombe mwenzako akutazame mgongo. Doa unalolitilia shaka lipige picha kwa simu ukiwa umeweka sarafu pembeni yake, ili mwezi ujao uweze kulinganisha ukubwa. Likiwa limekua, limebadilika rangi, limetoa damu bila kuguswa, au ikiwa kidonda chochote kimepitisha wiki nne bila kufunga, nenda kituo cha afya cha karibu na uombe rufaa. Ukipewa krimu na hali isibadilike, rudi. Ukiambiwa hakuna kitu na doa likaendelea kukua, rudi tena, na sema waziwazi kwamba unataka kipande kichukuliwe na kupimwa maabara. Hiyo ni haki yako.

Na kama nyumbani mwako kuna mtoto mwenye ualbino, mnunulie kofia pana kabla ya kumnunulia viatu vya sikukuu.